Farasi dume si kama wanavyomsema

Watu wakijua kuwa kazi yangu ni kutunza farasi, swali la kwanza huwa ni lile lile: "Na hilo dume lenu, haling'ati?" Hapa kaskazini Unguja farasi si kitu kigeni tena. Wageni wanapanda ufukweni asubuhi na jioni, na watoto wa kijijini wanawajua mmoja mmoja kwa jina. Lakini dume bado anazungumzwa kwa sauti ya chini, kama wale chui wa hadithi za zamani waliokuwa wakifugwa na wachawi.

Mimi nimeshika kamba za farasi wa aina zote tatu: majike, maksai (ndivyo tunavyowaita madume waliohasiwa, kama ng'ombe wa gari) na dume mzima mmoja, Sultani. Nikiulizwa tofauti zao, jibu langu haliwaridhishi wanaotaka kusikia habari za mateke. Dume ana shughuli nyingi. Wewe uliyemshika ni shughuli moja katika hizo, na siku nyengine si ya kwanza wala ya pili.

Mtazame anapotolewa bandani alfajiri. Maksai akifunguliwa mlango anatafuta ndoo ya pumba. Akishaiona, hana haja nyengine. Jike hutoka, akaangalia mwenziwe yuko wapi, akamfuata. Sultani husimama pale pale mlangoni, kichwa juu, masikio mbele, pua zimetanuka. Anataka kujua nani amelala hapa, nani amepita usiku, nani hayupo. Kisha hulia mlio mrefu unaotikisa mbavu zake, nami niliyemsimamia ubavuni nausikia mpaka kifuani kwangu. Asipojibiwa hulia tena. Hapo ndipo hugeuza sikio moja upande wangu.

Baadaye ni zamu ya kinyesi. Jike hunya popote alipo bila kujali. Dume ana rundo lake. Hulinusa taratibu, hupiga hatua mbili mbele, hunya juu yake, kisha hugeuka kulinusa tena. Akikuta rundo la farasi mwengine njiani, mambo ni hayo hayo: lazima harufu yake ndiyo iwe ya juu. Kwa anayefagia banda hii ni neema, maana la dume hufagiliwa kona moja na la majike hufagiliwa lote.

Wageni hupenda sana kumpiga picha anapokunja mdomo. Jike akiwa amekojoa mchangani, Sultani hupanusa pale, hunyoosha shingo, hukunja mdomo wa juu mpaka fizi zote zikaonekana, akabaki hivyo kwa muda macho yamelegea. "Anacheka!" wanasema, nami siwakatizi, waache wafurahi. Ukweli ni kuwa anaivuta ile harufu mpaka kwenye kiungo kidogo kilicho juu ya kaakaa, na kwa kiungo hicho hujua kama jike yule amekaribia joto, yaani zile siku za kumtaka dume, au bado. Maksai na majike nao hukunja mdomo mara moja moja. Kwa dume ni kazi ya kila siku.

Ukishaelewa kwamba anaishi kwa pua, mpango wa kazi unajipanga wenyewe. Sisi tunafuata maji. Bahari ikijaa usiku hufuta kila kitu, na maji yakipwa alfajiri mchanga unakuwa mtupu, hauna habari ya farasi yeyote. Huo ndio wakati wa kumtoa Sultani, kabla ya majike kukanyaga. Anakwenda vizuri, shingo imelegea, anasikiliza miguu yangu. Mtoe saa mbili baadaye, majike wakiwa wameshapita, na kila hatua kumi atataka kusimama. Wala sianzi siku kwa kumsugua jike kisha nikaenda kumtandika dume. Namshughulikia yeye kwanza, nikiwa na shati safi, kwa sababu harufu ya jike aliye kwenye joto ikishakamata nguo yangu, atanisemesha mimi badala ya kufanya kazi.

Upepo nao. Banda lake liko upande wa kusini wa uwanja, majike wako kaskazini. Kusi linapovuma, harufu zao zinapelekwa mbali naye, na yeye hula akalala. Kaskazi likianza, mwezi wa Disemba hivi, upepo unapita kwa majike kwanza ndipo ufike kwake. Mtu asiyejua angesema farasi amebadilika tabia, au amefanyiwa jambo. Tajiri wetu hakuniamini nilipomwambia, mpaka tulipomhamishia Sultani upande wa pili msimu wa kaskazi na kelele za usiku zikapungua.

Kuna jambo jengine la huku ambalo wageni wanaofuga farasi kwao hushangaa wakilisikia. Jike hurudi kwenye joto kila baada ya siku 21 hivi, na joto lenyewe hukaa kama siku tano mpaka saba. Lakini mwili wake hufuata urefu wa mchana. Ulaya, majira ya baridi mchana ukiwa mfupi, majike wengi hunyamaza miezi kadhaa na madume nao hupoa. Zanzibar iko kama nyuzi sita tu kusini ya ikweta, tofauti ya mchana mrefu na mfupi kwa mwaka mzima haifiki saa moja. Majike wetu wanaweza kupata joto mwezi wowote. Kwa hivyo dume wa Ulaya ana likizo, na wa kwetu hana. Mtu anayesoma maelekezo ya huko akatarajia miezi ya utulivu atangoja sana.

Mwilini tofauti zipo na huonekana hata farasi akiwa amesimama tu. Dume aliyekomaa hunenepa shingo upande wa juu, mashavu hujaa, kifua hutanuka. Mdomoni ana chonge nne zinazoota akifika kama miaka minne au mitano, ndiyo maana dume aliyekamilika huhesabiwa meno 40 na jike 36. Majike wachache huwa na vichonge vidogo. Maksai huwa nazo kama dume, kwani kuhasi hakuzuii meno. Na aliyehasiwa mapema mara nyingi hurefuka kidogo kuliko ambavyo angekuwa, kwa sababu mifupa yake huchelewa kufunga. Ukimkuta farasi mrefu, mwembamba wa shingo, mpole, mwenye chonge, umeshajua historia yake bila kuinama kutazama.

Kabla ya farasi mimi nililelewa na punda. Ami yangu alikuwa na gari la punda, akibeba mchanga na matofali, na alikuwa na dume mmoja ambaye kwa nguvu hakuwa na mfano. Nilipoingia kwenye farasi nilidhani dume ni dume, nikaja kuona wana mawazo tofauti kabisa. Dume la farasi huhangaikia majike wake: wakienda, huenda nao, ardhi si kitu kwake. Punda kwa asili ni mnyama wa nchi kavu yenye majani machache, majike hupita na kuondoka, na dume hushika eneo. Yule wa ami ukimfunga shamba la watu pamoja na punda mwengine dume, hana neno naye. Mrudishe chini ya mwembe wake pale nyumbani, punda yule yule akisogea, patakuwa hapakaliki. Tena punda dume haagi. Farasi atalaza masikio, atapiga mkia, atapiga ukelele, atakupa nafasi ya kuondoka. Punda anakutazama kwa upole na meno yameshafika mkononi. Anayeniambia anaogopa farasi dume lakini punda dume anamchukulia poa, namwambia amekosea mlango.

Ami ndiye aliyenipa somo moja ambalo limenifaa kwa wote wawili. "Mwanangu," aliniambia, "dume hapigwi kichwani." Ukimpiga kichwani anajifunza kwamba mkono ukipanda ni vita, na siku ya siku atakutangulia. Madume wadogo wa farasi hucheza kwa kuumana: hushikana mashavu, magoti, ngozi ya shingo. Kung'ata ndiyo lugha yao ya utani. Kwa hivyo simlishi Sultani kitu mkononi hata kimoja, wala simsuguesugue pua, maana ukianza mchezo wa mdomo yeye ataendelea nao, na ngozi yako si ya farasi. Akinigusa kwa mdomo namsukuma bega mara moja, sauti kavu, halafu basi, hatuna kinyongo. Natembea ubavuni usawa wa bega lake, kamba haijazungushwa mkononi kamwe. Kesho yake nafanya vile vile, na keshokutwa. Maksai humsamehe mtunzaji anayebadilika badilika. Dume humpima kila siku, na akimkuta na mianya huingia.

Wageni hawampandi. Si kwamba atawaua, ila mgeni juu ya farasi hutazama bahari na dume hutazama majike, na hapo hapana anayeendesha. Mimi humpeleka mpaka majini, na ajabu ni kwamba maji yakimfika tumboni ndipo anapokuwa mwepesi kuliko maksai wote. Nadhani ni kwa sababu bahari haina harufu ya mtu.

Sasa nije kwenye methali inayonikera. Mafahali wawili hawakai zizi moja. Kila dume akitajwa, mzee fulani ataitoa, na kwa methali hiyo madume wengi duniani wamefungiwa peke yao, ukuta mtupu mbele, wakiona uso wa mtu mara mbili kwa siku. Halafu wakianza kutafuna mbao na kuyumba yumba mlangoni usiku kucha, watu wanasema ndio ukali wa dume.

Farasi wakiachiwa wenyewe hawaishi hivyo. Madume vijana wanaotoka kwenye kundi la mama zao hukusanyika, wakaishi pamoja miaka, wakichezeana na kupimana nguvu. Ugomvi wa kweli huja pakiwa na majike wa kugombewa. Kule Uswisi, kwenye kituo cha taifa cha farasi huko Avenches, waliwaachia madume wa kuzalishia pamoja malishoni, mbali na majike, na vurugu za mwanzo zilipungua sana baada ya siku chache. Vienna, Austria, skuli ya zamani ya kupanda farasi hufanya maonesho yake kwa madume watupu, weupe, wakipita bega kwa bega mbele za watu. Na Said bin Sultan, mtawala wa Zanzibar wa zamani, alipopeleka jahazi lake la Sultana mpaka New York mwaka 1840, katika zawadi za rais wa Marekani walikuwamo farasi wawili wa Kiarabu. Wengine wakisikia kisa hicho huuliza habari za lulu na mazulia. Mimi humfikiria yule saisi, mtunza farasi aliyekaa nao ndani ya jahazi safari yote ile, kwenye nafasi ambayo hata kugeuka ni tabu.

Kwa Sultani tulifanya jambo dogo tu. Tulimvunjia sehemu ya ukuta tukaweka nguzo za mti zenye nafasi ya kupitisha pua na shingo, na upande wa pili tukamweka Kipanga, maksai mwenye miguu mizito asiyebabaika. Siku ya kwanza walipiga kelele, wakapiga miguu ya mbele, nikakaa na kamba mkononi. Kufika jioni walikuwa wanatafuna majani makavu kila mmoja upande wake, nyuso zimekaribiana. Sasa hukunana mabega kupitia kwenye nguzo, na Sultani ameacha kuzunguka zunguka usiku.

Kipanga mwenyewe ana kisa. Alihasiwa akiwa ameshakomaa na ameshapanda majike, na watu walitarajia kesho yake awe kondoo. Haiwi hivyo. Homoni hupungua mapema, lakini tabia huchukua wiki, hata miezi, na kwa mwenye mazoea hubaki baki. Daktari wa mifugo alitutaka tumtenge na majike zaidi ya mwezi, kwa kuwa mbegu zilizokwisha kutengenezwa bado zinaweza kuzalisha. Mpaka leo jike akiwa kwenye joto Kipanga hujitia ulinzi: hushusha kichwa karibu na mchanga, hulaza masikio nyuma kabisa, akamswaga jike mbali na wenziwe huku shingo ikipepesuka kushoto na kulia. Akishamfikisha pembeni hajui afanye nini tena, anaanza kula.

Tofauti hii ya kutozaa na kuhasiwa watu huichanganya, na Unguja ndiyo mahali pa mwisho ambapo ingepaswa kuchanganywa. Zamani kisiwa hiki kilikuwa na mbung'o, wale nzi wanaonyonya damu, na maradhi yao, nagana, huua ng'ombe na farasi pia. Miaka ya 1994 mpaka 1997 waliangamizwa kwa kutumia madume wao wenyewe: walizalishwa Tanga, wakapitishwa kwenye mionzi, wakamwagwa kutoka ndegeni juu ya misitu yetu kwa mamilioni. Wale madume walibaki na hamu yao yote, wakapanda majike wa porini, na majike hawakupata kitu. Farasi anayehasiwa ni kinyume chake. Anayetolewa korodani haondolewi mbegu peke yake, anaondolewa testosteroni, homoni ya kiume inayomfanya ahangaike, na ndiyo maana anaweza kulala mchana.

Nimeona pia upande wa pili wa jambo hilo. Aliletwa kwetu farasi aliyeuzwa kama maksai, na kwa macho alikuwa maksai, hakuna kinachoning'inia. Lakini shingo ilikuwa nene mno, na mlio ule wa alfajiri haukuwa wa maksai hata kidogo. Aliyemuuza aliapa. Daktari akachukua damu, ikaonekana korodani moja ilikuwa imebaki tumboni, haikushuka tangu utotoni, na aliyemhasi alitoa ile moja akanyamaza. Tulikuwa tumeshamchanganya na majike. Sasa nikipokea maksai mgeni namweka mbali kwanza na kumsikiliza akilia.

Kuhasi kwenyewe huku kwetu ni mjadala. Masheikh wanatofautiana, na kwa farasi hasa wapo wanaochukia kabisa, kwa yale yaliyopokewa katika hadithi. Wapo wanaoruhusu ikiwa kuna madhara yanayozuiwa. Ami ni wa kundi la kwanza, na kila akija hunisomea. Waarabu wa jangwani walijitatulia kwa njia nyengine: kwenye mashambulizi walipenda kupanda majike, kwa sababu jike hakuwalilia farasi wa adui akawatolea siri usiku. Mimi namheshimu ami, lakini nimekaa kwenye mabanda na nimeona dume asiye na kazi, asiye na mwenziwe, asiye na uwanja, anavyoishi. Kisiwani kwetu nafasi ni ndogo, hoteli zinakula fukwe kila mwaka, malisho ni ya kununua. Anayetaka kufuga dume awe na sababu ya kumzalisha na mahali pa kumweka na wenziwe. Akiwa na sababu ya kujionesha tu, amwache farasi apumzike.

Jambo hili sasa limefika mlangoni kwetu. Sultani alimpanda Lulu, jike wetu mmoja, miezi kumi na moja ikapita, akazaliwa dume mwekundu mwenye alama nyeupe usoni. Ameshaanza kukunja mdomo. Ameshaanza kumng'ata mama yake kwenye kisigino akikatazwa ziwa, na juzi alisimama juu ya rundo la Sultani akalitazama kwa muda mrefu kabla hajaongeza la kwake. Watoto wa kijijini wamempenda, wanataka awe kama baba yake. Tajiri naye anavutwa na ile shingo.

Nimesema ahasiwe akishafika mwaka, kabla hajajua majike ni nini, akae na Kipanga, apandwe na watu, aishi maisha marefu ya kula na kutembea. Ami hakupenda, ila aliuliza swali la maana kuliko la wote: mtafanya msimu gani? Si masika, matope na mainzi. Tumekubaliana iwe kipupwe, asubuhi na mapema, uwanjani penye majani safi, na daktari ameshaagizwa chanjo ya pepopunda mapema, kwa sababu farasi ni mwepesi wa ugonjwa huo kuliko wanyama wote tunaofuga, na kidonda kidogo tu kinatosha.